Ng'ombe wa Udongo wa Shamba la Ngano

Mwezi uliopita nilikuwa Mbulu, nyumbani kwa kaka yangu. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya taratibu, isiyo na haraka ya kuisha, nasi tumejifungia ndani na chupa ya chai. Binti yake, mwenye miaka kumi, alipanga vizibo vitatu vya soda mezani, akaegemeza simu ya mama yake kwenye bakuli la sukari, akaanza. Anasogeza kizibo kidogo, anapiga picha. Anasogeza tena, anapiga. Kabla sijamaliza kikombe changu cha pili, vizibo vilikuwa vinatembea kwenye kioo cha simu, vinafuatana kama watoto wanaokwenda shule.

"Shangazi, umeona? Vinatembea vyenyewe!"

"Nimeona."

"Sasa mbona hushangai?"

Nilicheka tu. Ningeanzia wapi kumwambia kwamba hata mimi niliwahi kuifanya kazi hiyo, na kwamba sinema yetu ya dakika tatu ilituchukua karibu msimu mzima wa mavuno? Yeye alishafuta vizibo vyake na kuanza kumpiga picha paka. Basi nikuambie wewe, rafiki yangu, maana wewe una muda.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la ngano la serikali, huko Hanang. Baba alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano. Ukisimama mlangoni asubuhi, ulichokiona ni ngano, kisha ngano, halafu mlima umejifunika blanketi lake la wingu. Wakati wa mavuno vumbi la makapi liliingia kila mahali: kwenye nywele, kwenye uji, kwenye shuka. Usiku kombaini zilinguruma mbali mpaka usingizi ukatuchukua. Sisi watoto tuliokota punje zilizodondoka njiani, tukazitafuna, tukazitafuna, mpaka zikageuka ulimbo mweupe unaovutika mdomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa peremende yetu. Mchana tulikula ugali na maharage, na bahati ikituangukia, maziwa ya mgando kutoka kwa ndugu zetu wa Endasak.

Ya kutoka kwa ndugu, nasema, kwa sababu sisi wenyewe hatukuwa tena na ng'ombe. Bibi, mama yake baba, alikuwa nao zamani, pale pale ambapo baadaye palilimwa. Ngano ilipokuja malisho yaliondoka, naye akawauza mmoja mmoja, akaja kukaa na mwanawe kwenye nyumba ya bati. Hakulalamika mbele yetu. Ila kila mwaka, mvua zikilainisha ukingo wa kijito, alichota udongo akafinyanga ng'ombe wake. Watoto wote wa kwetu hufinyanga ng'ombe wakiwa machungani, wanacheza nao kisha wanawaacha wayeyuke. Bibi alikuwa mtu mzima na hakuwa anacheza. Alimfinyanga kila mmoja jinsi alivyokuwa, huyu na nundu iliyolala upande, yule na pembe moja iliyoinama, akawapanga dirishani na kuwaita kwa majina: Nyota, Majivu, Mchelewaji, na wenzao watatu.

Mwalimu wetu wa darasa la nne ndiye aliyewaona. Alikuwa ametoka Tabora, kijana mrefu aliyeazima kila kitu isipokuwa mswaki. Mwaka huo alikuwa ameazima kamera ya filamu kwa mtaalamu mmoja mzungu wa shambani, kamera ndogo iliyoweza kupiga picha moja moja. Mkanda ulikuwa mmoja tu. Mtaalamu angeondoka mavuno yakiisha, na alikubali kuuchukua akausafishe kwao kisha autume kwa posta.

"Mama, shikamoo," Mwalimu alimwambia Bibi, macho yakiwa dirishani. "Ng'ombe hawa nikikuambia naweza kuwafanya watembee, utaniamini?"

"Marahaba. Sitakuamini," Bibi akajibu. "Lakini jaribu."

Halafu akasema jambo ambalo lilibadili uzito wa kazi yote. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mganga wa zahanati alikuwa amesema ni mtoto wa jicho, na kwamba hospitali ya kumtoa ipo mbali. Bibi alikataa kwenda. Sasa alimshika Mwalimu mkono. "Kama kweli mnaweza, fanyeni upesi. Nataka niwaone wakitembea kabla macho hayajafunga."

Basi tukawa timu ya watu wanne. Mwalimu na kamera yake. Fundi wa gereji ya shamba, jirani yetu kutoka Tanga, aliyekata waya wa kufungia na kuingiza miguuni mwa ng'ombe ili wasivunjike wakikunjwa. Bibi, aliyekanda udongo upya na samli kidogo usikauke, hata chumba kizima kikanuka kama jiko la sikukuu. Na mimi, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Kazi yangu ilikuwa miguu.

Tulipewa ghala tupu la mbegu. Jua la alasiri liliingia kwa dirisha moja na kuangukia ubao tuliouweka juu ya mapipa. Hapo tulitengeneza malisho kwa nyasi, na zizi dogo kwa miba ya kweli. Kwato zilitakiwa zishike ubaoni, na gundi hatukuwa nayo. Ulimbo wa ngano ndio ulitufaa. Kila alasiri tulianza kwa kutafuna, watu wanne tumekaa kimya kwenye magunia, mashavu yanakwenda.

"Angalia, Mnyamwezi anacheua," fundi alisema. "Tumpige picha yeye, tuache udongo."

"Wewe tafuna," Mwalimu akamjibu. "Mtu wa Tanga ukimpa kazi ya mdomo ataacha kuifanya?"

Kisha kazi. Nasogeza mguu wa Nyota upana wa punje moja. Mwalimu anaita, "Mikono!" Sote tunainua mikono juu, kama watu waliokamatwa, ili isitokee kwenye picha. Kamera inasema *ka*. Mguu mwingine. "Mikono!" *Ka*. Mara kumi na nane, na hiyo ni sekunde moja. Wingu likipita tulisubiri. Nilijifunza kwamba ng'ombe hatembei jinsi nilivyodhani. Bibi alinisahihisha kwa kutambaa sakafuni, mkono huu, goti lile, kitenge chake kinaburuta, na fundi anageuza uso kwa adabu ili asimcheke mama mtu mzima.

Hadithi ilipaswa kuwa ya ng'ombe aliyepotea. Siku ya nne tulimwacha Nyota mbali na wenzake, katikati ya malisho, mguu mmoja hewani, na Mwalimu akatuapisha kwamba hakuna wa kugusa kitu. Bibi peke yake ndiye angeingia jioni, kuwafunika ng'ombe kwa kitambaa kibichi.

Kesho yake tulipofungua mlango, malisho yalikuwa matupu. Ng'ombe wote sita walikuwa zizini, wamesongamana vizuri, na mlango umezibwa kwa mwiba.

Mwalimu alishika kichwa. Picha za siku nne zilishaingia kwenye mkanda, na hakuna aliyekumbuka kila kwato ilikuwa wapi.

"Mama, umefanya nini?"

Bibi alimshangaa. "Jua lilikuwa limezama, Mwalimu. Ng'ombe gani analala nje? Fisi je?"

"Fisi wa wapi, mama?" fundi akauliza. "Hawa si ni udongo?"

"Kama ng'ombe ni wa udongo, hata fisi wa udongo wapo."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu hakucheka. Alitoka nje, nami niliogopa kwamba kazi imeishia hapo. Aliporudi alisema tu, "Haya. Asubuhi imefika. Tuwafungulie." Tukawatoa zizini hatua kwa hatua. Jioni ile Bibi akawarudisha tena, na kesho tukawatoa tena. Hadithi ya kupotea ilikufa. Sinema yetu ikawa ya ng'ombe wanaotoka na kulala nyumbani kila siku.

Mtaalamu aliondoka na mkanda. Ngano ikakatwa, mashina yakachomwa, mlima ukajitokeza wote. Gari la shamba lilileta barua kutoka Katesh kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilisimama ofisini mpaka karani akanizoea. "Bado, mwanangu. Msalimie Bibi." Mvua za vuli zikaja. Krismasi ikapita, na pilau yake. Bibi akaanza kunitambua kwa hatua zangu, halafu akaanza kuuliza, "Nani huyo?" Mikono yake ilipitia meza kabla ya kushika kikombe. Bahasha yenye mkanda ilipofika, ngano mpya ilikuwa imefika magotini, na Bibi alikuwa anaona mwanga, kivuli, na kitu kilicholetwa karibu kabisa na uso wake.

Hayo yote hayapo leo. Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata, na mkanda akaondoka nao. Fundi alirudi kwao. Shamba lile nalo halikudumu. Kombaini zilisimama, zikaota kutu, na pale ghala lilipokuwa sasa ni mahindi ya watu, mazuri kabisa, niliyaona mwenyewe. Nimejaribu kuutafuta mkanda ule. Sijaupata, na sidhani kama nitaupata. Kwa hiyo niamini tu kuhusu Jumapili ile tulipouonyesha.

Ilikuwa baada ya ibada. Tulining'iniza shuka ghalani, tukaziba dirisha kwa magunia. Watu walijaa, waliotoka kanisani na wasiotoka, na Mwalimu akawasha mashine ya sinema iliyotumika kuwafundishia madereva wa trekta. Ng'ombe walitoka zizini. Walitembea! Mwanga ulikuwa unacheza kwa sababu ya yale mawingu, nyasi zilirukaruka zenyewe, na ghafla, wakiwa katikati ya malisho, wote wakajikuta zizini kwa kufumba na kufumbua. Watu wakapiga kelele za furaha. Nilimgeukia Bibi. Alikuwa ameelekea upande ambao si wa shuka.

Nikaanza kumsimulia, sasa Majivu anatoka, sasa anainama. Akanigusa mdomo ninyamaze. Akainuka, akapapasa njia kati ya magoti ya watu mpaka mbele.

"Mama, unatuzibia!" mtu akasema nyuma.

Alisimama karibu na shuka, akainua kiganja chake kwenye mwanga wa mashine, karibu na jicho, kama mtu anayesoma herufi ndogo. Ng'ombe wakapita juu ya kiganja. Sote tuliwaona, wadogo, wekundu, wakivuka mistari ya mkono wake. "Majivu," akasema. "Mchelewaji." Wazee waliowajua ng'ombe wale wakaanza kuitikia. Mkanda ulipoisha Mwalimu aliurudisha mwanzo bila kuombwa.

Tulipotoka fundi aliniinamia. "Binti, unadhani ameona kweli? Au ametaja majina ili atufurahishe?" Njiani Bibi alikuwa ameshika bega langu, nami nikaona ni afadhali nisimuulize. Karibu na mlango wetu akasimama.

"Lakini Nyota," akasema, "enzi zake alikuwa anachechemea. Mguu wa nyuma, wa kushoto. Wewe umemtembeza mzima."