Leonidasi Hakuwa Amelewa

Sokoni Kibondo, upande wa maharage na mihogo mikavu, yupo mama ambaye wateja humzoea kwa taabu. Jina lake Ininahazwe. Ukimwambia maharage yake yana mawe, anakumwagia sahani nzima kwenye ungo mbele ya watu, uyatafute mwenyewe. Usipoyaona, utanunua.

Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Akakulia huku, akaolewa huku, akafiwa na mume huku, na karatasi ya uraia alikuja kuishika nywele zimeanza kuwa nyeupe. Mtoto alibaki na mmoja tu, Leonidasi, na huyo alimwachia aende Makete kupasua mbao, huko kwenye baridi ambako mbu ni hadithi. Leonidasi alikaa Makete miaka tisa. Mwaka huu, mvua zilipokatika, akarudi kumwezekea mama yake nyumba.

Alirudi amenenepa, ana sweta la kijani analolivaa hata jua la mchana. Usiku wa kwanza mama alimpa chandarua. Leonidasi alicheka.

"Mama, mimi nimezaliwa hapa. Malaria ni ya watoto na wageni."

"Lala ndani ya neti."

"Inanibana pumzi."

Hakulala ndani ya neti. Wiki mbili baadaye akaenda Kasulu kutafuta bati. Alipata fundi wa kumsaidia, akanunua, akaziacha kwake zisubiri gari; alikaa huko siku tano. Siku ya tatu kichwa kikaanza kumuuma na viungo vikalegea. Akanunua panadoli dukani, akameza, akasema ni uchovu wa safari. Siku ya tano asubuhi akapanda basi dogo kurudi Kibondo, huku akitetemeka.

Aliposhuka stendi, saa tano asubuhi, hakuwa yeye tena. Alikuwa anayumba. Alimwita kondakta baba, kwa jina la marehemu baba yake. Akatapika karibu na meza ya mama anayeuza chapati, kisha akakaa chini na kuanza kuvua viatu, akisema anataka kuvuka mto.

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Huyu kaanza mapema leo." Mgambo wakaitwa.

Mgambo aliyekuja anaitwa Melkiadi. Si mtu mbaya, ndivyo wanavyosema majirani zake, na Ininahazwe akisikia hivyo hutema mate chini. Melkiadi na mwenzake walimkokota Leonidasi kwa makwapa hadi kwenye ofisi moja ya serikali ya mtaa, ambayo haina mahabusu. Ina stoo. Wakamlaza humo juu ya mifuko ya saruji pombe imtoke, wakafunga kwa kufuli. Simu yake wakaiweka ndani ya droo isije ikaibwa.

Kutoka kwenye stoo hiyo hadi kwenye ungo wa Ininahazwe ni hatua ambazo mtu anazimaliza kabla ya kumaliza kula ndizi.

Saa sita mama alimpigia mwanawe. Simu iliita, haikupokelewa. Saa saba akapiga tena. Saa nane akapiga, ikaita mara mbili kisha ikakatwa. Akadhani yuko njiani, mtandao unasumbua. Akaendelea kupima maharage.

Saa tisa alasiri yule mama wa chapati akaja kununua maharage ya kesho. Katika kupiga soga akasimulia habari za mlevi wa asubuhi, kijana mzima, kavaa sweta la kijani juani, anamwita kondakta baba, hadi mgambo wakampeleka ofisi ya mtaa.

Ininahazwe aliacha kopo ndani ya gunia. Hakufunga biashara wala kumwachia mtu. Walioshuhudia wanasema hakukimbia. Alitembea, na watu wakampisha.

Melkiadi alikuwa amekaa nje ya ofisi kwenye benchi.

"Shikamoo, mama," alisema, maana alikuwa mteja wake.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Mwanao yupi?"

"Mwenye sweta la kijani."

Melkiadi akainuka polepole. "Kumbe yule ni wako? Tulia, mama yangu. Tumemsitiri tu. Amekunywa kupita kiasi, acha pombe imtoke. Nyie watu wa kule na pombe ya ndizi..."

Hakumaliza. Ininahazwe alikuwa ameshamsogelea mpaka wakabakisha upana wa kiganja.

"Umemnusa mdomo?"

"Mama..."

"Nakuuliza. Ulimnusa mdomo? Mwanangu ni mlokole. Hajaonja pombe tangu azaliwe. Ulimnusa, au ulimtazama tu ukajua?"

Melkiadi akatafuta ufunguo. Mlango ulipofunguka, Leonidasi alikuwa ameanguka kati ya mifuko, vumbi la saruji limemganda midomoni, macho wazi nusu. Mama alimwita. Akamwita tena kwa Kirundi, mwanangu, "Mwana wanje! Mwana wanje!" Hakuitika. Alipomshika shingoni, akarudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Ndipo mwili wa Leonidasi ukakakamaa, meno yakagongana, akaanza kutupa miguu.

"Bajaji!" mama alipiga ukelele. "Leteni bajaji, wauaji nyie!"

Melkiadi mwenyewe ndiye aliyekimbia kuileta. Alitaka kupanda nao, mama akamsukuma kwa goti.

Hospitalini muuguzi aliyewapokea alikuwa Anifa, binti wa Tanga mwenye sauti kubwa, na safari hii sauti hiyo ilifaa. Alimtazama mgonjwa mara moja tu, akaita kitanda na daktari. Akamtoboa kidole Leonidasi, tone moja kwenye kipimo cha malaria, tone jingine kwenye mashine ya sukari. Sukari ilikuwa imeshuka mno, na wakamsukumia sukari kwenye mshipa papo hapo. Degedege likatulia, lakini hakuamka. Kipimo cha malaria kikachora mistari miwili kabla hata ya muda wake.

Daktari alikuwa Lusajo, mtu wa Rungwe, kijana mwembamba anayeongea taratibu. Alimbana Leonidasi kifuani kwa kifundo cha kidole kuona kama atasikia maumivu. Leonidasi alikunja mkono kidogo, basi.

"Imepanda kichwani," alimwambia mama. "Hii ni malaria kali. Tunaanza sindano ya artesunate sasa hivi kwenye mshipa. Nyingine baada ya saa kumi na mbili, nyingine kesho saa hizi, halafu kila siku mpaka aweze kumeza. Ameugua tangu lini?"

"Sijui. Alikuwa Kasulu. Leo tangu saa tano alikuwa amefungiwa stoo."

Lusajo akaacha kuandika. "Stoo gani?"

Akamweleza. Anifa akasema neno ambalo halifai kuandikwa.

"Na kabla ya Kasulu aliishi wapi?" Lusajo aliuliza.

"Makete. Miaka tisa. Lakini kazaliwa hapa hapa, daktari. Alipokuwa mdogo malaria ilimpata mara ngapi! Alikuwa analala nayo, anaamka nayo."

"Hapo ndipo inapowakamata," Lusajo alisema. "Mwili uliokulia hapa hujifunza kupigana nayo kidogo kidogo. Ukikaa miaka kwenye baridi bila mbu, unasahau. Akirudi, anajiona mwenyeji, kumbe damu yake ni ya mgeni. Mimi mwenyewe nilipohamishiwa huku iliniangusha mwezi wa kwanza."

Mama akatazama kitanda. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hasira yake ilimgeukia mgonjwa. "Nilimwambia alale ndani ya neti," alisema.

Leonidasi alilala siku mbili bila kujua chochote. Walimpima sukari kila baada ya saa chache, wakampima mkojo aliotoa, ukawa mchache na mweusi kama chai ya rangi, wakamwongezea damu chupa mbili. Ininahazwe alikaa kwenye stuli. Ndugu wa kanisani walipokuja kuomba, alifumba macho nao, lakini mmoja aliponong'ona kwamba huenda kuna mtu wa Makete amemtupia kitu, alimtoa nje ya wodi.

"Kuna kufuli na kuna mbu," alimwambia. "Usinitafutie mchawi wa tatu."

Siku ya tatu asubuhi Leonidasi alifungua macho, akaomba maji. Siku ya nne akaanza kumeza dawa mseto. Alitoka baada ya siku tisa, na Lusajo akamwonya arudi kupima damu kila wiki kwa mwezi mzima, kwa sababu wagonjwa wa namna yake damu huweza kupungua tena wakidhani wameshapona. Wiki ya pili alisema anajisikia vizuri, haendi. Mama yake alimwambia atavaa shati mwenyewe au atavalishwa. Akaenda, na kweli damu ilikuwa imeshuka, ikabidi alazwe siku mbili nyingine.

Malaria ikaisha. Mikono ndiyo haikupona. Akishika kikombe, chai inamwagika. Akishika msumeno, ubao unakatika upogo. Lusajo alisema huenda hali hiyo ikaisha baada ya miezi, huenda isiishe. Hakutaka kumdanganya.

Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, ajenda ilikuwa bomba la maji. Ininahazwe alisimama kabla bomba halijatajwa. Alisimulia yote: saa tano, saa sita, saa saba, saa nane, simu inaita ndani ya droo na mtu anaikata. Mwenyekiti akamwambia tukio lile ni la bahati mbaya, na vijana walikuwa na nia njema.

"Nia njema ingefungua pochi yake," alijibu. "Kulikuwa na kitambulisho. Kulikuwa na simu inayosema MAMA. Mtu akiyumba mnaona pombe, kwa sababu kuona pombe hakuna kazi. Nataka iandikwe kwenye kitabu chenu: anayeokotwa anapelekwa zahanati kwanza. Stoo baadaye."

Melkiadi akainuka nyuma, kofia mkononi. "Mama, simu niliikata mimi, bila kutazama jina. Nilidhani ni jamaa wa kilabuni wanamtafuta. Nisamehe."

Watu wakamgeukia Ininahazwe. Hapo ndipo mahali pa mama kusema yamekwisha.

"Sijafika huko," Ininahazwe alisema, akakaa.

Mwenyekiti aliandika kitu kwenye kitabu. Ni nini hasa aliandika, hakuna aliyeonyeshwa. Lakini mwezi uliofuata binti mmoja aliokotwa stendi akiongea peke yake, na Melkiadi alimpakia kwenye bajaji moja kwa moja hadi zahanati. Watu walikimbia kumpa Ininahazwe habari hiyo wakidhani itamfurahisha. Aliuliza tu kama binti alikuwa mzima, akaambiwa ndiyo, akaendelea kupima.

Leonidasi sasa anauza maharage pamoja na mama yake. Makete hajarudi, bati bado ziko Kasulu kwa yule fundi. Melkiadi ananunua maharage upande wa pili wa soko, kwa mtu mwingine.