Mwalimu Niliyemshindisha Kabichi

Jamani, mimi hapa Mpui nusura niikimbizie shule mwalimu wa hesabu. Na si kwa ubaya, kwa heshima tu!

Mwalimu mwenyewe msichana wa Kihindi. Kafundisha Dodoma, Kiswahili anakijua. Shule ilikuwa imengoja mwalimu wa hesabu mpaka watoto wakasahau kujumlisha. Mkuu wa shule akaja kwangu: "Bibi, mpe chumba, mlishe vizuri, asije akatukimbia."

Mimi Wahindi si nawajua! Yule mama wa duka kule mjini Majengo, ninayempelekea ulezi, nyama hagusi, samaki hagusi, yai hataki hata kulisikia. Nikasema basi, ndio wote. Picha ya Bikira Maria nikaifunika kanga, mgeni asishtuke. Kumuuliza anakula nini? Thubutu! Kwetu sisi Wafipa mgeni haulizwi. Ukimuuliza, umemwambia chakula hakuna. Unaleta, anakula.

Nikaleta kabichi. Kesho yake kabichi. Keshokutwa maharage, na kabichi pembeni. "Asante, bibi," huku anamega ugali polepole kama anajitoa mwiba. Sisi wenyewe tunakwenda kula nyama kwa jirani, tumejificha kama wezi.

Siku ya tano akaniambia, macho chini: kaomba ahamishwe shule, mkuu anamfuata na gari kesho asubuhi. Mpui nzima itasema bibi yule kamfukuza mwalimu kwa njaa! Nikaenda kwa jirani kujipoza na mgebuka wa kukaanga. Nimeshika kichwa cha samaki, nageuka, huyo mlangoni, kanifuata! Samaki nikamsukumia ndani ya kanga.

"Bibi, hiyo nini?"

"Dawa, mwanangu. Ya mgongo."

"Hata mimi mgongo unaniuma."

Akakaa mkekani, akapiga ishara ya msalaba, akala mgebuka mzima, macho akayanyonya.

"We mtoto! Mkatoliki?"

"Tangu mababu, bibi. Nyie nilidhani Wasabato, wale wasiogusa nyama. Nikaogopa kuuliza."

Nilicheka mpaka jirani akaniletea maji. Ndio akanieleza. Kwao huko India ni jimbo la Kerala. Jirani wa kulia Mhindu, wa kushoto Mwislamu, lugha yao moja, sikukuu wanapelekeana sahani. Wahindu wengine samaki ndio mboga yao, wengine hata yai hawagusi. Na milimani kuna makabila yana lugha zao, akiwasikia haambulii kitu.

"Na yule mama wa Majengo?"

"Huyo wa jimbo lingine kabisa, bibi. Nilipita dukani kwake nikija huku, tukaongea Kiswahili!"

Mimi nilishawatia wote chungu kimoja. Na hapa mtu akisema Mfipa na Mmambwe ni wamoja, tunanuna wiki nzima!

Asubuhi gari likaja. Mkuu akamkuta mwalimu barazani, anachambua dagaa.

"Mwalimu, mizigo iko wapi?"

"Mizigo gani? Bibi kasema mchana kuna kuku."