Siku Niliyosoma Maswali Fairfax

Binti yangu alipofika darasa la saba alichaguliwa kuingia timu ya chemsha bongo ya shule yao, hapa Columbia, Marekani, na tangu siku hiyo jikoni kwangu hakukuwa na utulivu. Aliniletea rundo la maswali ya mashindano yaliyopita, akaliweka kando ya ubao wa kukatia mboga, akaniambia hana mtu wa kumsomea. Aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia chote, hata umbea wa simu, lakini kukijibu hajibu. Baba yake anaendesha lori la mizigo na hurudi hoi. Nikabaki mimi.

Maswali yenyewe si kama yale tuliyoulizwa sisi shuleni Nakuru, ya mji mkuu wa nchi fulani ni upi. Haya ni marefu, na yanajifungua polepole. Sentensi ya kwanza ni ngumu, inamfaa mtu aliyebobea. Inayofuata ni nyepesi kidogo. Na ya mwisho hata mimi naijua. Sasa, mwenye jibu hangojei swali liishe. Anabonyeza kitufe, msomaji ananyamaza papo hapo, na yeye anapewa sekunde chache za kufikiri kisha anajibu. Akikosea, swali linabaki kwa wapinzani.

Nyumbani hatukuwa na kitufe. Alitumia mwiko na kifuniko cha sufuria. Mimi nilikuwa nakata mboga ya sukuma huku nasoma habari za sayari, wafalme na sehemu za moyo, mara pwaa! kifuniko, nanyamaza kisu kikiwa hewani. Kazi yangu ni kuwatunza wazee katika makao yaliyo karibu na kwetu. Wengi wao masikio yamekuwa mazito, na mchana huwa nawasomea gazeti taratibu, kila neno kivyake. Hivyo hivyo ndivyo nilivyomsomea binti yangu. Mwanzoni alinisahihisha matamshi. Baadaye akaacha, na tukaelewana vizuri tu.

Kisha mwalimu wao wa sayansi, ambaye ndiye kocha, akatuma ujumbe kwa wazazi. Mashindano yangefanyika Jumamosi katika chuo kikuu kule Fairfax, jimbo la Virginia, na kila shule ilitakiwa kuleta mtu mzima mmoja wa kusoma maswali au kuandika alama.

"Nitaenda," nilimwambia binti yangu. "Nitasoma."

Alikuwa anafunga viatu. Hakuinua kichwa. "Mom, tafadhali, andika alama tu."

"Kwa nini?"

"Watu hawatakuelewa."

"Wewe hunielewi?"

"Mimi nimekuzoea."

Hakusema kwa ubaya, na alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi wake. Lakini neno likishakuchoma limekuchoma, hata kama aliyelisema hakukusudia. Nikamwambia sawa, nitaandika alama.

Jumamosi ile tulivuka mto wa mpakani asubuhi na mapema tukaingia Virginia, mimi na yeye na wenzake wawili kiti cha nyuma wakiulizana maswali. Chuoni kulikuwa na watoto kila ukumbi, fulana za kila rangi, na wazazi wamebeba maboksi ya machungwa na biskuti. Nikamwambia binti yangu kwa Kiswahili avae sweta, maana baridi ya yale majengo haina huruma. Mama mmoja Mmarekani Mweusi, mwenye mvi fupi na kitambulisho cha msimamizi shingoni, akageuka ghafla.

"Shikamoo, mama!" akasema, uso umemchanua.

Sisi wa bara, kule Nakuru, hatukukuzwa na shikamoo, na tena yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwangu. Nilibabaika, nikajibu, "Marahaba... hapana, shikamoo wewe, dada." Akacheka sana. Alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni ujanani, akaendelea nacho kwa mapenzi tu, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama shati lililotoka kupigwa pasi. Akatazama orodha yake, akaniuliza, "Je, unaweza kunisaidia? Msomaji mmoja hajafika. Ungependa kusoma?"

Binti yangu alikuwa amesimama pale pale. Nilimwona akitazama ncha za viatu vyake.

"Nitasoma," nikasema.

Nilipewa chumba cha mwisho, ghorofa ya pili. Mzazi haruhusiwi kuisomea timu ya mwanawe, kwa hiyo waliokuja kwangu walikuwa watoto nisiowajua. Swali la kwanza nililisoma kidole kikifuata mstari. Kijana mmoja akaniomba, kwa adabu, nirudie neno. Nikarudia. Swali la pili hakuna aliyeniomba chochote. Kufikia la nne nilikuwa nimesahau kwamba nina lafudhi. Wale watoto walikuwa wanasikiliza kweli kweli, wameinamia vitufe vyao kama paka kwenye tundu la panya, na mimi nikaona raha ambayo sikuitarajia. Timu moja kutoka shule ya huko huko Virginia walinishukuru walipokuwa wanatoka. Katikati yao alikuwamo msichana mmoja mwembamba mwenye miwani, akaniambia ninasoma vizuri kwa sababu simkimbizi mtu.

Saa ya chakula binti yangu alikuja na kipande chake cha piza, akaketi karibu nami. Timu yao ilikuwa imefungwa mechi zote za asubuhi isipokuwa moja.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Wasomaji wa huku wanasoma kama wameacha gari linaunguruma nje. Kabla sijashika sentensi, imeshapita." Akatafuna kidogo. "Nimekuzoea wewe."

Sikumkumbusha kwamba maneno hayo alikwisha kuyasema. Nilimpa leso afute mchuzi wa nyanya shavuni.

Alasiri walikuwa wacheze mechi ya mwisho, ya kutafuta nafasi za chini, na walipangiwa ile timu ya msichana wa miwani. Wanafunzi wa chuo waliokuwa wanasoma walianza kuondoka, vyumba vikakosa wasomaji. Msimamizi akaeleza kwamba kama pande zote mbili zitaridhia, ninaweza kuwasomea. Makocha wakaulizana. Wale watoto wa Virginia wakasema wenyewe, "Yule mama wa polepole? Tunamtaka huyo." Kwa hiyo nikajikuta mbele ya mwanangu, yeye na kitufe, mimi na karatasi.

Nilianza kusoma kuhusu mwezi wa sayari moja ya mbali. Sijamaliza sentensi ya pili, akabonyeza, akajibu, akapata. Swali lililofuata, la mdudu, akabonyeza, akapata. Wenzake wakawa wanapigana mabega kwa furaha. Moyo wangu ulijaa, siwezi kusema uongo. Kocha wao alinitazama akitabasamu.

Ilikuwa kwenye swali la tano au la sita nilipogundua. Nilikuwa nimevuta pumzi, mdomo u wazi, neno bado sijalitamka, na yeye ameshabonyeza. Nikasoma jingine nikijichunguza. Kumbe kabla ya lile neno linalolifungua swali, mimi huvuta pumzi na kuipandisha sauti kidogo, vile ninavyowafanyia wazee wangu ili wasipitwe na jambo. Watoto wengine walisikia kimya tu. Yeye alisikia kwamba linalokuja ndilo lenyewe, akashika kitufe kwanza, kisha akazitumia zile sekunde kufikiri. Msichana wa miwani kidole chake kilikuwa kinachelewa kila mara kidogo tu, na kila mara alikuwa anautazama mkono wake kana kwamba ndio wenye makosa.

Nilijaribu kusoma bila ile pumzi. Nikakwaruza maneno, nikaruka mstari, ikabidi nirudie. Sauti ya mtu si kitu anachoweza kuvua kama koti.

Tulipofika mapumziko ya kati nilitoka nikamtafuta msimamizi ukumbini.

"Dada, naomba mtu mwingine amalizie."

"Kwa nini? Unasoma vizuri sana."

"Binti yangu anaijua pumzi yangu."

Akanishika mkono kwa wasiwasi. "Pumzi? Mama, una pumu? Tuite daktari?"

"Sina pumu," nikasema, na hata katika hali ile nilicheka. Nikamweleza taratibu, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Akaniuliza kama nina hakika, maana hakuna aliyelalamika. Nikamwambia nina hakika. Makocha wakakubaliana alama zilizopatikana zibaki kama zilivyo, na msimamizi mwenyewe akachukua karatasi akasoma nusu ya pili. Mimi nikahamia kiti cha pembeni kuandika alama.

Binti yangu alinitazama mara moja tu. Kisha hakunitazama tena. Alijitahidi, akapata maswali mawili kwa sauti ile ngeni, akakosa mengine. Wapinzani wakawakaribia, wakawafikia, na swali la mwisho kabisa, la volti na mikondo ya umeme, lilichukuliwa na msichana wa miwani. Niliandika alama yake, na kwa alama hiyo wakawa wameshinda.

Wale wawili wa kiti cha nyuma walilala kabla hatujavuka mto. Magari yalikuwa yanatambaa. Binti yangu alikaa mbele, amegeukia dirisha.

"Sikuwa naiba," akasema mwishowe.

"Najua. Hakuna aliyesema umeiba."

"Sikujua hata kama nasikia kitu. Nilikuwa tu najua ni sasa."

"Ndiyo maana sikukuuliza wewe. Nilijiangalia mimi."

"Tungeshinda, Mom."

"Mngeshinda."

Nadhani alitaka nibishane naye. Nikasogeza gari hatua chache. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake, na mimi nilikuwa na huzuni ya mzazi aliyemnyima mwanawe kitu kilichokuwa mkononi. Hata leo nikiulizwa kama ningefanya vile tena nasema ndiyo, lakini sisemi haraka.

Alininunia Jumapili yote, kanisani na kurudi. Jumanne alikuja jikoni na karatasi zake, sikujua kama ananiletea mimi. Akauliza kama yule jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama kutoka Bukavu, anaweza kuja kumsomea.

"Wewe ukiendelea nitazoea sauti yako tu," akasema. "Nataka masikio yangu yajue watu wengine."

Jirani alikuja amejifunga kitenge, akicheka. "Mutoto atanielewa? Mi niko na Kifaransa mingi mu kinywa!"

"Ndicho anachotaka," nikamwambia.

Wakakaa mezani. Nilisimama kwenye sinki nikiosha mboga, mikono bila karatasi kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, na nikasikia wivu kidogo, sifichi. Jirani alikuwa anasoma habari za volkano, anakaza pale ambapo mimi ningelegeza, anameza herufi ambazo mimi ningezitamka. Binti yangu akawahi, akakosea. Akangoja, akachelewa, akakosea tena. Akacheka kwa sauti, akaomba lingine.