Kitabu Kilichofunikwa kwa Kaki

Jumanne, kwenye kituo chetu cha kukusanyia majani chai karibu na Kapkatet, lori lilichelewa. Akina mama walikaa wakitoa majani magumu kwenye mavuno yao, nami nikawasomea kitabu.

Mwandishi ni jirani yetu, mchumaji kama sisi. Alijichapishia mwenyewe hadithi ya mjane anayemtafuta ng'ombe wake aliyeibiwa. Nakala zimelala ndani ya katoni chini ya kitanda, maana kila anayemwonyesha kitabu humcheka: "Wewe? Si juzi tulikuwa na wewe shambani?" Kwa hiyo nilifunika jalada kwa karatasi ya kaki, kama tulivyofanya shuleni kabla sijaacha, na sikutaja jina. Mwandishi mwenyewe aliketi pale pale, akichambua majani bila kuinua macho.

"Huyu lazima ni wa Nairobi," mama mmoja akasema.

"Wa Nairobi atajuaje umande ukiingia kwenye gambuti za mpira?" akabisha kogo, nyanya yetu sote pale.

Lori likapiga honi. Kogo akainua mkono. "Dereva, ngoja!" Akanigeukia: "Msichana, ng'ombe alipatikana?"

"Alipatikana," akajibu jirani yetu, kabla sijafungua ukurasa.

"Na wewe umejuaje?" kogo akamuuliza.

Nikatoa kaki, jina la jirani yetu likaonekana jaladani. Kogo akamgeukia jirani.

"Sasa nyamaza, usituharibie hadithi. Wacha msichana asome."

Msomaji, mtaani kwenu pia kuna katoni chini ya kitanda cha mtu. Uliza.