Mke Wangu Anataka Tuweke Mabomba Aliyochagua Mchumba Wake wa Zamani

Admin, jina langu libaki kwako. Mke wangu anausoma ukurasa huu kila siku, akinitambua sitapewa hata chai.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu. Nilikulia Tanzania, nikarudi Rwanda nikiwa kijana, na sasa nafanya kazi katika ofisi moja hapa Kacyiru. Nina mke na watoto watatu. Mke wangu alikulia Bujumbura, anauza vitenge mjini. Tangu tuoane tumeishi nyumba za kupanga, na mwaka huu tunajenga yetu, nje kidogo ya Kigali. Kuta zimesimama, bati limepigwa. Kilichobaki ni kupitisha mabomba ya maji ukutani, kisha fundi apige plasta. Ndoa yangu imekwama hapo hapo kwenye mabomba.

Mimi nilitaka ya chuma. Nyumba ya baba yangu ilikuwa nayo, ukiyagonga unasikia kweli hiki ni kitu. Mke wangu akakataa. "Chuma hapana, Baba Keza. Huku maji yanakatika na kurudi, itaota kutu ndani. Tuweke PPR, ile plastiki nene. Ya maji moto ndiyo iko na mstari mwekundu." Vitenge anavijua, sawa, lakini mabomba kayajulia wapi? Akatoa kwenye mkoba kipande cha sampuli: mabomba mawili yaliyochomewa pamoja kwa mashine ya moto, halafu yakapasuliwa katikati ili uone ndani. "Ona vile imeshikana. Hauoni hata mshono." Alikuwa anatabasamu. Nikamuuliza kampa nani. Akanitajia, bila hata kupepesa macho, jina la mwanaume aliyekuwa mchumba wake kabla yangu.

Jamani! Wazee wa huyo bwana walishafika kwao kumposa, wakapokelewa, ikavunjika baadaye kwa sababu zao. Nilijua siku hizi ana duka la vifaa vya maji karibu na Nyabugogo. Sikujua kwamba mke wangu huenda huko na kurudi na zawadi kwenye mkoba.

Wivu ulinipanda mpaka masikio yakapata moto. Kesho yake nikanunua chuma, nikamwambia fundi aanze na bafu la wageni. Fundi akajikuna kichwa. "Patron, lakini mama alisema iyi ingine, ya plastiki. Iko nzuri kwa maji moto." Nikamjibu kwamba anayejenga ni mimi.

Tangu hapo mke wangu hakanyagi tena kwenye ujenzi. Zamani kila Jumapili baada ya misa alikuja na wali na maharage, anasimama katikati ya jiko lisilo na sakafu, ananionyesha kwa mkono sinki litakaa hapa, kabati pale. Siku hizi nikimuuliza sinki liwekwe wapi anajibu, "Popote." Neno hilo linaniuma kuliko ugomvi. Ile sampuli niliichukua kwenye mkoba wake, nikajifungia ndani ya gari, nikajaribu kuitenganisha kwa koleo. Ilinishinda.

Wiki iliyopita nikaenda dukani kwa huyo bwana. Kichwani nilikuwa nimemchora mtanashati mwenye suti. Nikamkuta ana kitambi, kandambili miguuni, na mkewe yuko kaunta anamfokea kuhusu risiti. Nilianza kufurahi. Nilipojitambulisha tu akainuka na kunikumbatia. "Muramu! Karibu shemeji! Mgongo iko aje?"

Mgongo wangu!

"Mama Keza alinieleza," akaendelea, "asubuhi hauwezi kuinama mpaka ujimwagie maji moto. Hakuuliza hata bei. Aliuliza tu bomba gani itadumu, mzee wake asikose maji moto. Nasikia umenunua chuma. Niletee, nitakubadilishia." Mkewe akaniletea Fanta, nikainywa bila kusikia ladha.

Mtadhani nilitulia. Wapi! Nilikuja juu zaidi. Mgongo wangu anaujua mke wangu peke yake, ndiye anayeukanda. Leo unajadiliwa kaunta, kwa mwanaume aliyetaka kumuoa! Na wakati huo huo najua kwamba alikwenda kule kwa ajili yangu. Mambo hayo mawili yananikaa kooni, hakuna linaloshuka.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini alinianika. Alikuwa anakunja vitenge, hakuinua macho. "Nimwulize nani? Yeye ndiye ninayemjua anauza mabomba. Weye nilikwambia, ukasikia jina la mtu, hukusikia ingine." Halafu akasema polepole, "Funga chuma yako. Nitahamia, nitapika, nitalala humo. Lakini usiniulize tena sinki. Hiyo ni nyumba yako."

Jumatatu fundi anapiga plasta. Baada ya hapo, kubadilisha ni kuvunja kuta. Nikiweka PPR, najijua mimi, kila asubuhi maji ya moto yakishuka mgongoni nitamwona yule bwana na kandambili zake akiniita shemeji. Nikiacha chuma, nitaishi na mke aliye kama mgeni kwake mwenyewe.

Ndugu zangu, mlio kwenye ndoa na mlio kwenye ujenzi, chekeni kwanza, halafu mniambie ukweli: nimruhusu huyu mtu aingie ukutani kwangu, au nishikilie chuma changu?

Na wewe Mama Keza, maana najua mgongo huu umeshautambua: sinki liwekwe wapi?