Kamba ya Kiatu cha Kushoto

Mimi ndiye niliyemjibia "hapana", na ninalisema hili mapema nisije nikajipamba huko mbele.

Alikuwa kiungo, Mtaliana wa miaka thelathini na nne, aliyesajiliwa na klabu ya soka ya hapa Maskati ambako nilikuwa mkalimani. Nilisoma uhandisi Italia, nikarudi na shahada isiyonipa kazi na lugha iliyonipa. Yeye alianza mpira akiwa na miaka minane kwenye mji mdogo wa kaskazini, akalelewa na timu kubwa ambayo haikumpanga hata siku moja, akatolewa kwa mkopo huku na huku, akapata msimu mmoja tu wa ligi kuu ya kwao. Kisha akaanza kushuka: daraja la pili, la tatu, na sasa kwetu. Yote haya alinihadithia garini, nikimchukua kutoka fleti yake Bawshar, bila kujionea huruma.

"Mimi siyo nyota," alisema. "Mimi ni yule anayempa nyota mpira."

Siku ya vipimo vya usajili, daktari wa klabu, ambaye mama yake ni wa Unguja kama wangu, aliuliza kwa Kiarabu kama amewahi kuzimia. Nikamfasiria. Mtaliana akajibu polepole, kama mtu anayetaja saa: "Mara mbili. Usimwambie. Huu ndio mkataba wangu wa mwisho."

Kipimo cha moyo, kile cha waya za kifuani, kilikwisha kutoka kizuri. Nikamgeukia daktari nikasema hapana.

Jioni nilimweleza mama, tukinywa chai nyumbani Ansab. "Mtu kakuamini, mwanangu," alisema. "Msitiri." Kwetu ugonjwa wa mtu hausemwi hata kwa shangazi. Baba alificha sukari yake mpaka akakatwa kidole cha mguu, na sisi tukawa tunawaambia wageni kuwa kaumia bustanini. Nililala vizuri usiku ule, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Mazoezi yalianza alasiri, joto bado limekaa juu ya nyasi. Siku ya tatu nilimwona akisimama katikati ya uwanja, akainama, akafunga kamba ya kiatu cha kushoto. Sikujali. Siku ya tano niliona kwamba kamba haikuwa imefunguka. Aliifungua mwenyewe, akaifunga upya, kichwa chini, mpaka rangi ikamrudia usoni. Wenzake wakamtania kuwa viatu vyake kavinunua sokoni Matrah kwa bei ya chee. Kocha alifurahi, akasema huo ni ujanja wa kupooza mchezo. Mimi nilihamia karibu na ndoo ya barafu, funguo za gari mkononi. Niliuogopa mguu wa kushoto wa mtu mzima kama ninavyoogopa simu ya alfajiri.

Ijumaa moja nilimpeleka ufukweni Qantab kula samaki. Tulipokuwa tukipanda kamlima kafupi kurudi kwenye gari, akasimama, akainama kufunga kamba. Vidole vyake vikapapasa, vikatafuta. Alikuwa amevaa ndala.

Asubuhi yake nilimpeleka kwa daktari nikimdanganya kwamba wanataka kuliangalia goti lake la zamani. Akakaa kitandani, akakunja suruali.

"Daktari," nikasema kwa Kiswahili, "siku ile nilikudanganya. Huyu kazimia mara mbili huko nyuma, na jana ilikuwa karibu ya tatu."

Sisi wenye asili ya Unguja tuna tabia mbaya ya kuingia kwenye Kiswahili tusipotaka aliye mbele yetu ajue. Siku ile niliitumia.

Daktari aliendelea kulibonyeza goti. "Na wewe nnakuuliza, bwana, ulikuwa wangoja nini?"

"Nilimsitiri."

"Haya. Usibadilishe uso."

Mtaliana alitutazama mmoja mmoja akitabasamu. "Goti linasemaje?" akaniuliza. Nikamwambia daktari anataka vipimo zaidi. Miaka ishirini na sita ya mpira ilikwisha pale, mbele ya macho yake, na yeye akampa daktari mkono wa shukrani.

Hospitali waliona kasoro ya moyo, wakasema asicheze tena, na klabu ikavunja mkataba. Nikampeleka uwanja wa ndege. Mlangoni akaniuliza jambo moja: "Ulimwambia kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Ya mama yako," alisema, akachukua begi lake.

Niliona haya, lakini nilijivuna pia. Nilijiambia nimemwokoa, na miezi saba nilijiambia hivyohivyo. Kisha mchezaji mmoja wa kwetu akanitumia video kwenye simu. Nchi nyingine, jezi nyingine, jua kali zaidi ya letu. Huko nako lazima kuna aliyeuliza kama amewahi kuzimia, na aliyemjibia. Kipindi cha pili akasimama katikati ya uwanja, akapiga goti, akashika kamba ya kiatu cha kushoto.

Niliiandikia klabu ile, hawakujibu. Nikamwandikia yeye kwa Kitaliana, nikamsihi aache. Jibu lake lilikuja siku ya pili: "Usijali. Ni goti tu."

Wanacheza tena Ijumaa, saa kumi alasiri.