Fungu la Ora Mkobani mwa Jumria

Ramla aliitia ile nyama mkobani wakati binti yake anaswali alfajiri. Kilikuwa kipande kibichi cha mbuzi, upana wa kiganja, alichopewa jana yake kwenye akika ya mtoto wa jirani. Alikifunga kwa jani la mvumo, akakisukuma chini kabisa, chini ya chupa ya maji na koti la mvua, kisha akaurudisha mkoba msumarini ulipokuwa. Alirudi jikoni kwa ncha za vidole kama mwizi. Jumria alipotoa salamu na kukunja mswala, mama yake alikuwa amekwisha kukaa jikoni anapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

"Mama, mbona umeamka mapema hivi?"

"Nimeota vibaya."

"Lini umewahi kuota vizuri?" Jumria alicheka, akatia mkoba mgongoni, wakashuka pamoja kwenda kupanda boti.

Ramla alikuwa na sababu zake. Wanaume wa kijiji chao hapo kisiwani Komodo, Indonesia, walipokuwa bado wanawinda paa, bibi yake alimwambia, walikuwa hawaingizi mnofu nyumbani kabla ya kumtengea ora fungu lake. Ora si mnyama wa kuchezewa. Ni kenge mrefu kuliko mlango wa nyumba, na watu wa pale wanasema zamani mwanamke wao mmoja alizaa mapacha, mmoja mtoto, mmoja ora, kwa hiyo wale ni ndugu. Mwindaji alilibeba fungu lile mgongoni kutwa nzima, litembee naye kwanza, na jioni akalitupa porini kwa jina lake. Ora aliyepewa hakumgusa aliyempa.

Kisha serikali ikafanya kisiwa kuwa hifadhi, uwindaji ukakatazwa, na mafungu yakakoma. Badala yake wakaja wageni, meli kwa meli. Watu wakaacha nyavu, wakaanza kuchonga ora wa mbao na kuwauza gatini Loh Liang, lango la hifadhi ng'ambo ya ghuba. Ramla alikuwa na kibanda chake pale miaka kumi na minne. Mumewe Mansuri alichonga, yeye akauza. Hilo alilizoea. Alichoshindwa kuzoea ni Jumria, mwanawe wa pekee, kuamka siku moja na kusema anataka kuwa kiongozi wa wageni, kutembea msituni na fimbo yenye panda, ora wamelala kulia na kushoto.

Tangu ora amng'ate mpasua kuni mmoja wa kijijini shavu la mguu, wakambeba kwa boti mguu umevimba kama gogo, Ramla hakulala usingizi wa maana. Alihisi ndugu wamenuna. Hawajapewa kitu miaka mingi, na sasa mtoto wake anapita mbele yao kila siku mikono mitupu. Kumwambia Jumria asingeweza. Jumria angecheka. Basi akaamua mwenyewe: nyama itembee naye leo, jioni yeye Ramla aichukue kimya kimya na kuitupa porini kwa jina la mwanawe.

Saa tatu asubuhi boti ya kwanza ya wageni ilifunga gatini. Ilileta familia ya watu tisa kutoka jiji la Surabaya, akina mama waliojifunga mitandio ya rangi, baba mmoja mnene na nyanya aliyevaa viatu vipya vyeupe. Walipangiwa Jumria. Ilikuwa wiki yake ya mwisho ya majaribio. Akiimaliza salama, angepewa kitambulisho.

Bapa Tasrif, mkuu wa waongozaji, alisimama mbele yao kama kila siku. "Mwenye kidonda aseme. Mwanamke aliye kwenye siku zake aseme, hakuna aibu hapa. Mwenye nyama, samaki, chochote chenye damu, aache hapa. Ora ananusa damu kutoka mbali kuliko unavyoweza kuona."

Ramla alikuwa amesikia maneno hayo mara elfu. Hayakuwahi kumhusu. Yalikuwa maneno ya wageni, watu ambao hawana undugu na mtu yeyote pale.

"Mama Jumria, mwanao leo kapendeza," alisema Mama Hasnawia, jirani yake wa kibanda, mwanamke wa maneno mengi. "Anatembea kama ndiye aliyewazaa hao ora."

"Nyamaza, usimtie jicho."

"Jicho langu mimi? Jicho langu haliuzi hata kinyago kimoja tangu juzi!"

Ramla hakucheka. Aliitazama mitandio ya rangi ikipotea nyuma ya mikwaju, na fimbo ya Jumria ikipanda na kushuka mbele yao, mpaka haikuonekana tena. Akaanza kupanga vinyago vilivyokwisha pangwa.

Chini ya jiko la waongozaji, lililojengwa juu ya nguzo, kulikuwa na ora mzee ambaye kila mtu alimjua. Alilala pale mchana kutwa kwa harufu ya masufuria. Wageni walipigwa picha naye, nzi walimtambaa usoni, yeye hakufumbua jicho. Mama Hasnawia alimwita Bwana Harusi kwa sababu ya uvivu wake.

Asubuhi ile Bwana Harusi aliinua kichwa.

Ulimi wake wa njano ulitoka, ukagawanyika, ukaonja upepo, ukarudi. Ukatoka tena. Kisha aliinuka kwa miguu yote minne, kitu ambacho Ramla hakuwa amekiona kwa wiki nzima, akavuka uwanja bila kutazama vibanda, akashika njia ya msituni. Njia ile ile aliyoipita Jumria.

"Eh, Bwana Harusi kaamka!" Mama Hasnawia alipiga makofi. "Anafuata nini huyo?"

Ramla alijua. Alishika nguzo ya kibanda. Palepale aliona mambo yote kwa mpigo mmoja: jani la mvumo, damu ikichuruzika chini ya mkoba kwa joto la Agosti, mgongo wa mwanawe. Mwindaji wa zamani alibeba fungu akiwa na mkuki, na mbwa, na wenzake sita. Bibi hakuwahi kulisema hilo. Au alilisema, na yeye hakusikiliza.

"Mama Jumria, unakwenda wapi? Huruhusiwi huko bila mwongozaji! Wewe mama!"

Alikuwa amekwisha kukimbia.

Hakumwita Bapa Tasrif. Baadaye alijiuliza kwa nini, na jibu halikumpendeza: aliona haya. Hata katika hofu ile alitumaini atawahi, ataitoa nyama ile, na hakuna atakayejua. Alikimbia na ndala, kitenge amekikunja mpaka magotini, na kwenye kona ya pili alisimama ghafla, pumzi imekatika.

Bwana Harusi alikuwa mbele yake. Alikwenda taratibu, mkia ukichora mchanga kushoto na kulia, mwili umeziba njia nzima. Jumria yuko mbele, ora katikati, yeye nyuma. Akipiga kelele, anaweza kumgeuza amjie yeye, au kumfanya akimbie kuelekea kule alikotaka kwenda. Ora akikimbia, mtu hamshindi.

Akaiacha njia. Aliingia kwenye nyasi kavu zilizomfika kiunoni, mahali ambapo Jumria mwenyewe, kwa mafunzo yake yote, asingeingia. Kila gogo lilikuwa ora. Kila jani lililokwaruza lilikuwa ora. Mwiba ulimchana kifundo cha mguu, akaona damu, na wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kwamba sasa na yeye ananuka. "Yarabi, nifuate mimi," alisema kwa sauti. "Nifuate mimi, mwache yule." Akajikuta anatazama nyuma, akitumaini kweli kwamba anafuatwa. Nyuma hapakuwa na kitu.

Alitokea kwenye dimbwi la maji kutoka upande wa kilima. Walikuwa pale. Ora wa pili, jike jembamba, alikuwa amelala kivulini, na watu wa Surabaya wamejipanga nyuma yake hatua nyingi. Jumria alikuwa amechuchumaa na simu ya mgeni, akitafuta ile picha wanayoipenda wote, inayomfanya ora aonekane mkubwa kama gari karibu na mtu. Fimbo ilikuwa chini kando yake. Mgongo wake, na mkoba juu yake, ulielekea njia aliyokuwa akijia Bwana Harusi.

"Nyanya, cheka kidogo," Jumria alikuwa akisema. "Huyu hali watu wenye viatu vyeupe, anaogopa kuvichafua."

"Tupa mkoba!" Ramla alipiga kelele. "Jumria! Tupa huo mkoba!"

Jumria aligeuka, uso umemwiva kwa aibu. "Mama? Umefuata nini huku?"

"Tupa!"

"Mama, niko kazini! Mbele za watu—"

"Mna nyama ndani! Nimeitia mimi! Nyama mbichi!"

Kwa muda wa kupepesa jicho Jumria alimtazama mama yake kama mtu asiyemfahamu. Kisha akasikia majani nyuma yake. Jike nalo lilikuwa limeinua kichwa, ulimi nje. Wawili sasa, mmoja kila upande, na yeye katikati.

Ramla alisimama pale kilimani ameziba mdomo wake kwa mikono miwili. Alimwona Jumria akiokota fimbo bila haraka, kama anaokota kitambaa. Alimsikia akimwambia yule baba mnene, sauti imeshuka, "Bwana, warudishe watu wako mpaka kwenye ule mkwaju. Msikimbie. Msimpe mgongo." Bwana Harusi alifika karibu, hatua nne, hatua tatu. Jumria aliiweka panda ya fimbo shingoni mwake, akasukuma. Ora akasukuma pia. Fimbo ilipinda. Kwa mkono wake mmoja uliobaki Jumria alivua ukanda wa mkoba bega moja, akabadilisha mkono, akauvua wa bega la pili, na kuurusha mkoba mbali, ukaanguka kando ya dimbwi na vumbi likatimka.

Ora wote wawili walimpita kana kwamba hayupo.

Waliurarua mkoba kwa mpigo mmoja wa kichwa. Chupa ya maji ilipasuka. Koti la mvua lilining'inia mdomoni mwa Bwana Harusi, jike likavuta upande wa pili. Na kule kwenye mkwaju yule baba mnene, simu juu, alianza kupiga makofi. "Haya ndiyo tuliyoyafuata! Wenzetu waliambiwa ora amelala tu!" Watoto wakashangilia. Walidhani ni maonyesho.

Jumria hakupiga makofi. Aliwaongoza wageni kurudi, na hakumtazama mama yake hata mara moja njia nzima ya kurudi.

Bapa Tasrif aliwasubiri mbele ya ofisi ya waongozaji. Mama Hasnawia alikuwa amekwisha kusema yote aliyoyajua na mengine zaidi. "Nasikia kulikuwa na nyama msituni," Bapa Tasrif alisema. "Ya nani?"

"Yangu," alisema Jumria haraka. "Chakula changu cha mchana. Nilisahau kukitoa."

"Chakula kibichi?"

Jumria aliihamisha fimbo mkono wa pili.

"Weka fimbo hapo, binti. Mtu anayesahau kitu kama hicho sitampa watu tisa."

Jumria alianza kuinama ili aiweke. Ramla alijua sheria ya vibanda, maana alikuwepo siku walipoikubali kwa kunyoosha mikono: muuzaji atakayeleta nyama au damu Loh Liang hauzi tena pale. Aliogopa. Aliogopa kukosa kibanda, na zaidi ya hapo aliogopa kukosa benchi lake la kibandani, mahali pekee duniani ambapo aliweza kuiona njia ile na kujua nani ameingia na nani ametoka. Fimbo ilikuwa imekaribia kugusa ardhi. Akinyamaza tu, mwanawe angerudi nyumbani leo, na kesho, na siku zote, na asiingie msituni kamwe. Si hicho alichokiomba kila usiku?

Akamtazama Jumria. Mtoto alikuwa amekaza taya, halii.

"Ni mimi, Bapa Tasrif," alisema Ramla. "Niliificha chini kabisa mkobani mwake. Yeye hakujua. Nilimtengea ora fungu."

Bibi yake Bapa Tasrif naye alikuwa wa kijiji kile. "Fungu," alisema taratibu. "Mama Jumria, siku hizi fungu lao ni kuachwa kwa amani. Unajua sheria."

"Naijua."

"Basi jioni ubebe vitu vyako." Akamgeukia Jumria. "Wewe okota fimbo yako. Boti ya pili inaingia."

Siku ya tatu Jumria aliondoka na boti peke yake, na mkoba mwingine wa kuazima. Kabla ya kutoka, mlangoni, aliufungua mwenyewe, akauweka wazi mbele ya mama yake. "Tazama." Ramla aliingiza mkono mpaka chini, akapapasa chupa, koti, mkate. Hapakuwa na kitu kingine.

"Mama, ukinitilia tena kitu, niambie kwanza nikukatalie."

"Nitakuambia."

Kutwa nzima alikaa kwenye ngazi ya nyumba. Kutoka pale ghuba ilionekana, na kilima cha Loh Liang, lakini njia haikuonekana, wala gati, wala mitandio ya mtu yeyote. Mansuri alimpa ora mmoja wa mbao na karatasi ya msasa, amlainishe shingo. Alisugua, macho yako ng'ambo ya maji.

"Ramla," Mansuri alisema baada ya muda, "ukiendelea hivyo huyo atabaki bila kichwa."

"Hiyo ni boti?"

"Wapi?"

"Sikia."

Mansuri alitega sikio. "Upepo," alisema, akamnyang'anya msasa polepole. Ramla alibaki na ora mapajani, amemkamata shingo kwa mikono miwili, akisikiliza.